Kijusi "kinakua" au "anakua"?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninaandika makala kuhusu mjadala wa uhai wa binadamu huanza lini, na mahali fulani nimesema "kijusi kinapofikisha wiki 12". Mwenzangu aliyeipitia amebadilisha kila "ki" kuwa "a", akidai kwamba "kinakua" ni kumwita mtu kitu. Nimekosea?

Jibu: Marahaba. Hujakosea. Mwenzako ameona jambo la kweli, ila amelitwisha mzigo usio wake.

Ni kweli kwamba nomino za ki-vi zinazotaja watu au wanyama huchukua upatanisho wa a-wa: kijana ameondoka, kipofu amefika, kiboko amezama. Kwa hiyo, anasema mwenzako, kijusi naye "anakua". Lakini hiyo a-wa inapima nini hasa? Mbu anauma, kuku anataga, na hakuna aliyewahi kuwapa utu kwa sababu hiyo. Mti uko hai, nao "unakua". Maiti amekwisha kukata roho, lakini bado twasema "maiti amezikwa". Na mama asemaye "kitoto changu kinalia" hakani kwamba amezaa mtu. Ukitafuta utu kwenye viambishi, utachelewa sana.

Vitabu vya baiolojia huandika "kijusi kinakua", na hayo ndiyo mazoea. (Hadi wiki ya 8 hivi tangu yai kurutubishwa huitwa kiinitete, kijusi ni baada ya hapo. Madaktari na wakunga huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo hesabu yao hutangulia kwa wiki kama 2. Useme wiki zako 12 ni za hesabu ipi.)

Kilichonisumbua mimi ni kwamba katika makala yako umechanganya "uhai", "maisha" na "utu" kana kwamba ni neno moja. Yai na mbegu ya kiume vilikuwa hai hata kabla ya kukutana, kwa hiyo ukiuliza "uhai huanza lini" bila kusema uhai wa nani, mwanabaiolojia atakujibu kwamba haukuwahi kukatika. Wabishani wanagombania jingine: ni lini kilichomo tumboni kinakuwa mtu mwenye haki za mtu. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huzungumzia kupuliziwa roho, wakitaja siku 120. Kanisa Katoliki linataka uhai wa binadamu ulindwe tangu mimba kutungwa. Roho, uhai, utu: kila upande umechagua neno lake, nawe usiwabadilishie.

Hata "kutungwa mimba" kuna mtego. Jipu hutunga usaha kwa siku kadhaa. Kutunga si tukio la kufumba na kufumbua. Kurutubishwa kwa yai pekee huchukua saa nyingi, na kujipandikiza kwenye mji wa mimba huja baada ya siku 6 hadi 10 hivi. Mmoja akisema "kutungwa" anakusudia la kwanza, mwingine la pili, kisha wanabishana usiku kucha. Wewe andika "kurutubishwa" au "kujipandikiza", kadiri unavyokusudia.

Basi, rudisha "ki" zako. Ila ukimnukuu mjamzito aliyesema "leo mtoto amecheza", usimsahihishe ukaandika "kijusi kimecheza".