Ukisoma kwamba "hakuna kilichopatikana", uliza ni nini hicho

Mwaka wa 2012, chembe ya Higgs ilipotangazwa huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko karibu na Geneva, nilikuwa nafundisha fizikia hapa Kisumu. Niliwaambia wanafunzi kwamba zitakazofuata ni chembe za supasimetria, pengine kabla hawajamaliza kidato cha nne. Hazikufuata. Mmoja wao, ambaye sasa anasomea uzamili, alinipigia simu: "Mwalimu, nimesoma kwamba supasimetria imekufa. Nibadilishe somo?"

Nilimwambia asikubali habari hiyo kabla ya kuuliza: chembe gani, ya uzito gani, na watafiti walichukulia kwamba inavunjikaje?

Supasimetria inasema kila chembe tunayoijua ina pacha wake: elektroni ina selektroni, gluoni, chembe inayoshikilia pamoja vijenzi vya protoni, ina gluino. Pacha hao wangeeleza kwa nini Higgs ni nyepesi vile, na aliye mwepesi kuliko wote huenda ndiye mata ya giza, ile mata isiyoonekana ambayo mvuto wake huhisiwa angani. Shida ni kwamba huyo hupita kwenye mtambo bila kuacha alama.

Basi anatafutwaje? Nenda ufuoni Dunga jioni. Mtu akiruka kutoka mtumbwini, mtumbwi husukumika nyuma. Hata giza likikuzuia kumwona, ukiona mtumbwi umerudi nyuma wenyewe, unajua kuna aliyetoka. Ndivyo wanavyofanya watafiti wa ATLAS na CMS, vigunduzi viwili vikubwa vya CERN. Protoni zikigongana ndani ya mtambo wa kilomita 27, wao hujumlisha misukumo ya vyote vilivyorukia pembeni. Isipolingana, kuna kilichoondoka kimyakimya. Ila nyutrino, chembe nyepesi tunazozijua tayari, nazo huondoka hivyohivyo, kwa hiyo jasho kubwa hutoka katika kukadiria nyutrino peke yake zingeleta matukio mangapi.

Migongano ya 2015 hadi 2018 haikuonyesha ziada ya kuaminika. Katika mifano mingi iliyopimwa, gluino yenye uzito chini ya takriban mara 2,000 ya protoni imeondolewa. Mimi naona supasimetria ile nyepesi tuliyoitarajia imebanwa sana, na ni haki kulisema hilo waziwazi. Lakini gluino, ambayo huvunjika na kumtoa pacha yule mwepesi, ikikaribiana naye uzito, nishati inayobaki ni kidogo, mtumbwi hautikisiki, na kikomo hicho hushuka.

Mwanafunzi wangu hakubadilisha somo. Jumapili alinitumia picha ya daftari lake: mhimili mmoja uzito wa gluino, wa pili uzito wa pacha mwepesi, na eneo lililokwisha kukataliwa limepakwa wino wa bluu. Kando ya mstari wa mshazari, uzito unapokaribiana, ameacha ukanda mweupe na kuandika kwa penseli: "Huku bado."