Faida Yangu, Kilio cha Mwenzangu

SWALI: Mhariri, nakusalimu. Huu ni mwaka wa tatu tangu nianze kununua na kuuza fedha za kigeni kwa simu, na mwaka huu mkono wangu umeanza kutulia. Wiki mbili zilizopita nilifunga oda moja jioni nikiwa na faida kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Kabla sijaiweka simu chini nikafungua kundi letu la wafanyabiashara, nikakuta mwenzetu mmoja, ambaye simjui jina wala sura kwa kuwa picha yake ni baiskeli tu, ameweka picha ya akaunti yake ikiwa imeungua yote, na chini yake ameandika: "Nimemaliza. Ilikuwa ada ya mtoto." Alikuwa ameinunua sarafu ile ile niliyoiuza mimi. Baada ya dakika chache akaufuta ujumbe. Tangu siku hiyo sijaigusa faida ile. Baba ananiambia kufa kufaana, nisijitese. Si kwamba nina shida ya fedha, kwani huwaalika watu wajiunge na dalali wangu kupitia kiungo changu, na hupata kamisheni kidogo kwa kila oda wanayofungua. Ninachotaka kujua ni hiki: je, nimekula ada ya mtoto wa mtu?

JIBU: Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimesimama pale ulipoandika kwamba hujaigusa faida ile. Wengi katika kazi hii hawafiki hapo, na si kwa sababu wana roho mbaya. Soko halina uso. Mtu huona namba na mishumaa ya chati, bei ikipanda anashangilia, ikishuka anauma meno, na yule anayepoteza upande wa pili hana sauti wala jina. Ndiyo maana ukiwauliza wengi wao wanajisikiaje kupata kutokana na hasara ya mwingine, watakujibu kwa unyofu kabisa kwamba hawajawahi kumwona huyo mwingine. Wewe ulimwona kwa dakika chache, na zimetosha kukuamsha.

Nianze na swali lako kama lilivyo. Haielekei kwamba ada ile ilitoka mfukoni mwake ikaingia moja kwa moja mfukoni mwako. Kwa hesabu iliyofanywa na Benki ya Kimataifa ya Malipo mwezi Aprili 2022, soko la fedha za kigeni duniani lilizungusha takribani dola trilioni 7.5 kwa siku, na bei ya sarafu kubwa haisogei kwa sababu ya oda ya mtu mmoja mwenye simu. Tena mfanyabiashara mdogo kwa kawaida hakutani na mfanyabiashara mwenzake, bali hukutana na dalali. Wapo madalali wanaozipeleka oda za wateja kwenye soko kubwa, na wapo ambao husimama wenyewe upande wa pili wa oda, hata mteja anapopoteza wao ndio waliopata, na anapopata wao ndio wanaolipa. Kama dalali wenu ni wa namna hiyo ya pili, na kama nyote wawili mko kwake, basi hasara ya mwenye baiskeli iliingia katika droo ile ile iliyotoa faida yako. Sitakuficha hilo. Lakini katika droo hiyo wanaoingiza ni wengi mno kuliko wanaochukua: mwaka 2018 mamlaka ya Ulaya ya masoko ya dhamana, ESMA, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo wa mikataba ya tofauti ya bei, yaani ile ya kubashiri bei itapanda au itashuka bila kununua kitu chenyewe, hupoteza fedha, ikawalazimisha madalali kutangaza asilimia ya wateja wao wanaopoteza, na ikaweka ukomo wa mkopo wanaoruhusiwa kuwapa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na jioni ile wewe ulikuwa panzi aliyenusurika.

Si kila soko liko hivyo. Mwenye hisa ambaye kampuni yake inazalisha na kutoa gawio hamnyang'anyi mtu kitu, na aliyemuuzia hisa zile ili ajenge nyumba hakuibiwa hata kama bei ilipanda baadaye. Katika mikataba ya mazao, ambayo soko lake la Chicago lilianzishwa mwaka 1848, mkulima wa ngano anayeuza mavuno yake kabla hayajaiva anaweza kupata hasara kwenye mkataba bei inapopanda, lakini ngano iliyo shambani nayo imepanda thamani. Alichonunua ni usingizi, na yule aliyepata faida upande wa pili alimuuzia usingizi huo kwa haki. Kwenye sarafu unazocheza wewe, kwa mtaji wa kukopa na kwa saa chache, hali ni tofauti: ukijumlisha faida na hasara za wote, na kuondoa gharama za dalali, kinachobaki ni chini ya sifuri.

Sasa nije kwa mzee wako. Kufa kufaana ni usemi wa kweli, lakini ausikilize vizuri. Unamzungumzia anayefaidika na kifo ambacho hakukileta. Haukusema kuuana kufaana. Mstari ninaouona mimi uko hapo hapo, na mfano wake mkubwa uko Marekani. Mwaka 2007 benki ya Goldman Sachs iliwauzia wawekezaji dhamana iliyotegemea mikopo ya nyumba, iliyojulikana kwa jina la Abacus. Mfuko wa uwekezaji wa Mmarekani John Paulson ulishiriki kuichagua mikopo hiyo, kisha ukaweka fedha zake upande wa kwamba itaanguka. Ilipoanguka, Paulson alipata kiasi cha dola bilioni 1, na benki ya Kijerumani ya IKB ikapoteza karibu dola milioni 150. Mwaka 2010 Goldman ilikubali kulipa dola milioni 550 ili kumaliza shauri lililofunguliwa na SEC, msimamizi wa masoko ya dhamana wa Marekani. Kilicholalamikiwa hakikuwa kwamba mmoja amepata pale mwenzake alipopoteza. IKB ilikuwa benki, na ilijua kwamba dhamana ya namna ile lazima iwe na mtu upande wa pili. Kilicholalamikiwa ni kwamba wanunuzi hawakuambiwa kuwa aliyeshiriki kuchagua ndiye aliyenufaika na kuanguka.

Ndiyo sababu, ndugu yangu, oda yako hainisumbui. Kinachonisumbua ni ile kamisheni uliyoitaja kama jambo la pembeni. Kamisheni hiyo hailipwi mtu anapopata faida, hulipwa anapofungua oda, kwa hiyo anayefungua oda nyingi ndiye anayekulisha, naye ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi. Watafiti wa masuala ya fedha Brad Barber na Terrance Odean walizichunguza kaya zaidi ya 66,000 za Marekani zilizonunua hisa kupitia dalali mmoja kati ya mwaka 1991 na 1996, wakakuta kwamba zilizonunua na kuuza mara nyingi zaidi zilipata asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lenyewe lilitoa asilimia 17.9. Hizo zilikuwa hisa, katika miaka ya neema, tena si sarafu kwa mtaji wa kukopa.

Hukusema kama mwenye baiskeli aliingia kwa kiungo chako. Nadhani unajua, au unaogopa kuangalia. Angalia. Kama hakuingia kwako, faida ile itumie, kwa maana ulihatarisha fedha zako mwenyewe na jioni ile ingeweza kuwa picha yako iliyowekwa kundini. Kama aliingia kwako, mtafute faraghani, mwambie kwamba ulikuwa ukilipwa kwa kila oda aliyofungua, na umrudishie kamisheni yote. Usimpe mtaji wa kurudi kukomboa, hata akikuomba kwa machozi, na usimwelekeze anunue nini wala auze nini. Kwa yeyote utakayemwalika kuanzia leo, mweleze kwanza mambo mawili kwa maneno yaliyo wazi: wateja wangapi wa dalali huyo hupoteza, na wewe unapata nini akijiunga. Ukiona maneno hayo yanakuwa mazito mdomoni, usimwalike.

SWALI: Mhariri, mimi huazima hisa, nikaziuza, kisha nikazinunua tena bei ikishuka. Mke wangu anasema ninaishi kwa kuombea watu maanguko. Unasemaje?

JIBU: Lawama hii ni ya zamani. Huko Uholanzi uuzaji wa hisa ambazo muuzaji hana ulipigwa marufuku mwaka 1610, baada ya Isaac Le Maire na wenzake kuzishambulia hisa za Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki kwa kuziuza ili bei ishuke. Hata hivyo nakuomba umweleze mkeo habari za Enron, kampuni ya nishati ya Marekani. Jim Chanos, mwekezaji wa Marekani anayeuza hisa za kuazima kama wewe, alianza kuziuza hisa za Enron mwishoni mwa mwaka 2000, baada ya kusoma hesabu za kampuni hiyo na kuona kwamba faida ilikuwa ndogo mno kwa mtaji uliotumika na kwamba wakuu wa kampuni walikuwa wakiuza hisa zao wenyewe. Kampuni iliomba kinga ya kufilisika tarehe 2 Desemba 2001, na wafanyakazi wengi wakapoteza akiba za uzeeni walizokuwa wameziweka katika hisa za mwajiri wao. Shimo lile lilichimbwa na waliopika hesabu, na laiti waliokuwa wakiuza wangesikilizwa mapema, wangepona wengi. Lakini kama wewe huuza kwanza, kisha ukaeneza uvumi ili bei ishuke, basi mkeo amekuhurumia alipoliita jambo hilo kuombea.