Boti ya plaiwudi, epoksi na jua la Pangani

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeunda boti ya plaiwudi, futi 14, ya kuvulia kwa mshipi. Nataka kuivika faibaglasi maji yasipenye. Dukani wananishauri resini (gundi ya maji inayogandisha faibaglasi) ya poliesta kwa kuwa ni ya bei rahisi kuliko ya epoksi. Babu naye anasema nipake sifa tu, yale mafuta ya papa. Nishike lipi? Msomaji, Pangani.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Babu hakosei, ila anazungumzia chombo kingine. Mashua ya mbao hukalafatiwa, yaani huzibwa maungio, kwa pamba na kupakwa sifa kwa sababu mbao zake hufura na kunywea. Ukiivika faibaglasi itapasuka kwenye maungio, maji yajifiche humo na kuiozesha. Plaiwudi haifuri na kunywea hivyo, kwa hiyo vika, tena kwa epoksi. Poliesta waachie waunda matangi. Kwenye mbao hushika kwa muda, kisha hubanduka.

Plaiwudi iwe kavu kabisa. Kingo za nje zipige randa na msasa ziwe mviringo, maana kitambaa cha faibaglasi hakikubali kona kali, kitainuka.

Kisha angalia saa. Boti yangu ya kwanza niliipaka saa tatu asubuhi, nikajiona nimewahi. Jua lilipopanda, hewa iliyomo ndani ya mbao ikatanuka ikitafuta pa kutokea, resini ikajaa malengelenge kama chapati kikaangoni. Siku mbili nzima nikasugua msasa. Siku hizi naanza alasiri: mbao zikipoa huivuta resini ndani.

Hadina, ile dawa ya kugandisha resini, usiikadirie kwa macho. Kopo likisema 2 kwa 1, yaani resini 2 kwa hadina 1, ni 2 kwa 1. Ukizidisha ili ikauke upesi, itabaki inanata. Changanya kiasi kidogo kidogo na umimine mara moja kwenye sinia pana, kwani ikirundikana koponi hujipasha moto yenyewe. Yangu iliwahi kufuka moshi, nikairusha mchangani.

Kitambaa cha gramu 200 kwa mita mraba kinakutosha. Kikilowa vizuri weupe hupotea. Penye weupe pamekosa resini. Rudia kupaka resini mara mbili hadi nyuzi zifunikwe. Ikikauka, ioshe kwa maji na dodoki kabla ya msasa, kuna utelezi kama nta juu yake. Malizia kwa rangi, kwani jua huila epoksi iliyo wazi.

Na uvae glavu. Mimi nilizidharau miaka mingi. Sasa nikifungua kopo tu, viganja vinaanza kuwasha.