Setilaiti inapimaje mawimbi ya bahari? Maswali yenu

Hivi kweli kitu kiko kilomita karibu 700 angani kinaliona wimbi?
Kinaliona, ila si moja kwa moja. Rada ya Sentinel-1, setilaiti ya Ulaya, inatuma mawimbi ya redio ya urefu wa kama sentimita 5 na nusu, yakigonga bahari kinachoyarudisha ni vile vijiwimbi vidogo vidogo vinavyochorwa na upepo juu ya maji, sasa wimbi kubwa likipita chini yake linaviinamisha, upande unaotazama rada unang'aa na upande wa pili unafifia, ndo unapata picha ya mistari mistari. Upepo ukikata kabisa picha inatoka nyeusi tii hata kama kuna wimbi refu linapita.

Si watumie kamera tu?
Mawingu na usiku. Rada haijali.

Wanajuaje kama mawimbi yanakuja au yanaondoka?
Hili limenifurahisha. Data za picha moja zinagawanywa vipande vyenye tofauti ya muda chini ya sekunde, halafu wanaangalia mistari imesogea upande gani. Kutoka mstari hadi mstari ikiwa mita 350 kwenye kina kirefu, basi kila sekunde 15 linapita wimbi, na nguvu yake inasafiri kama kilomita 42 kwa saa. Mei 2007 mawimbi ya dhoruba ya kule kusini mwa Afrika Kusini yalisafiri kama kilomita 4,000 yakaipiga Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi, na rada ya Envisat, setilaiti ya Ulaya ya zamani, ilikuwa imeyanasa njiani.

Na kimo chake?
Kwa hilo kuna rada nyingine inayotazama chini wima. Mwangwi ukirudi kwa mkupuo bahari imetulia, ukirudi kwa kujivuta ujue vilele vimegongwa kwanza mabonde baadaye. Setilaiti ya Jason-2 ilipima zaidi ya mita 20 Atlantiki ya Kaskazini, Februari 2011, na huo ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi!

Mimi mvuvi wa Kilwa, msimu wa kusi hii picha itanisaidia?
Moja kwa moja, kidogo sana kaka. Mawimbi ya kusi huku karibu ni mafupi, yaani yanafuatana kwa ukaribu, na yale mafupi yanayofuata njia ya setilaiti yanavurugika kwenye picha kwa sababu maji yenyewe yanatembea wakati rada inapiga. Halafu zile picha za mawimbi ni za kilomita 20 kwa 20, moja kila kilomita 100, tena bahari kuu. We sikiliza angalizo la TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kabla hujasukuma ngalawa.