Beji ya kuomba kiti

Marahaba mdogo wangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Rafiki yako alikaa London wiki mbili, akarudi kuwasimulia kwamba huku hakuna kusukumana, watu hupanga foleni hata wakiwa wawili, na mjamzito akiingia kwenye treni hupishwa kiti kabla hajashika bomba. Ukamalizia, "Dada, huko ndiko kwa wastaarabu." Neno hilo limenichoma. Naandika kwa sababu nikikupigia nitafoka, nawe hukunikosea.

Foleni ipo, sikatai. Kwenye ngazi za umeme za stesheni wanasimama kulia, kushoto wanawaachia wenye haraka. Mwaka 2016 stesheni ya Holborn iliwaomba abiria kwa miezi sita wasimame pande zote mbili, maana ngazi zile ni ndefu, wachache ndio wenye pumzi ya kuzipanda kwa miguu, na upande mmoja ulikuwa ukibaki wazi huku chini watu wamebanana. Walipita wengi zaidi. Hata hivyo wengi waliudhika, na jaribio lilipokwisha kila mtu akarudi kulia kwake. Kanuni wanaishika hata inapowachelewesha wenyewe, na kwa hilo nawaheshimu.

Lakini mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, na kanuni haikuniona.

Tangu mwaka 2005 wenye usafiri wa jiji hutoa bure beji ya duara ya kubandika kifuani, inayotangaza kwamba mvaaji ana mtoto tumboni. Mwaka 2017 wakaongeza ya pili, ya bluu, kwa wenye maradhi yasiyoonekana kwa macho: maandishi yake yanaomba upishwe kiti. Nilipopata ya kwangu nilifurahi kama mtoto. Baadaye ndipo nikajiuliza: tumbo limenitangulia mlangoni, kwa nini lihitaji maelezo? Wenyeji wamenieleza kwamba wanaogopa kumpisha mwanamke ambaye kumbe kanenepa tu, wakamwaibisha mbele za watu. Hofu hiyo naielewa. Watu wasiosemeshana lazima waandikiane.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijamwambia mtu wa nyumbani. Niliwaambia nafanya kazi stesheni. Mkaelewa mlivyopenda, labda ofisini, labda dirisha la tiketi, nami nikawaacha. Kazi yangu ni kupiga deki na kuzoa taka, saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Pesa ninazotuma zinatoka kwenye ndoo ile.

Asubuhi moja ya baridi kali nilipanda treni kurudi nyumbani nikiwa bado na kile kizibao cha riflekta cha kazini juu ya koti, na beji nimeibandika mbele yake. Viti vyote vimekaliwa. Waliosoma beji niliwaona wakiisoma. Mmoja akainamia simu, mmoja akafumba macho, mama wa makamo akageukia dirisha, na dirishani mlikuwa na giza la handaki tu. Vituo kumi na vinne nimesimama, miguu imevimba, mtoto anarusha mateke. Kesho yake nikavua kizibao, nikavaa lile koti jeusi uliloniona nalo kwenye picha. Treni ya saa ileile, beji ileile. Mlango haujafunga, vijana wawili wameshasimama.

Nilidhani ni bahati. Nikarudia wiki nzima, leo na kizibao, kesho bila. Na kizibao nilipishwa mara moja tu, na mtu mwenyewe alikuwa mwanamume aliyevaa kizibao kama changu.

Wala simsemi mtu kwamba ana roho mbaya. Kuna aliyeweka kikombe chake cha kahawa juu ya mkokoteni wangu wa usafi, mkono wangu uko hapohapo, asiniangalie hata usoni, kisha akageuka kumshikia mlango bibi asiyemjua na kumtakia siku njema. Mtu yuleyule, dakika ileile. Ningekuwa najua namna ya kumchukia ningepumua.

Rafiki yako angekaa zaidi angesikia kesi ya Doug Paulley, anayetumia kiti cha magurudumu. Mwaka 2012 alikosa basi kwa sababu nafasi ya viti vya magurudumu ilikuwa na kigari cha mtoto aliyelala, na mama wa mtoto huyo aliombwa na dereva asogee, akakataa. Ombi hilo la kupisha nafasi likapanda mahakama hadi Mahakama ya Juu, majaji saba, na uamuzi ukatoka Januari 2017: dereva asiishie kuomba mara moja na kunyamaza, inampasa asisitize, ikibidi hata asimamishe basi kwa muda. Kumteremsha mkaidi kwa nguvu hawakuamuru. Naitaja kwa sababu nimekuwa Paulley na nimekuwa mama yule. Nikiwa na mtoto mgongoni na mwingine kwenye kigari, mvua inanyesha, naomba Mungu asitokee mtu wa kiti cha magurudumu kituo kinachofuata.

Kwa hiyo ukija, usisubiri kuonekana. Fungua mdomo: "Naomba kukaa." Nilichelewa sana kujua hili. Siku nilipothubutu, nikiwa na kizibao changu, walisimama watatu kwa mpigo, nyuso zimewaiva kwa aibu. Kumbe walikuwa wakingoja waambiwe! Ila usimwendee kijana yeyote kwa sababu tu anaonekana mzima. Tazama kwanza kama ana kamba ya shingoni ya kijani yenye maua ya alizeti. Ilianzia uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016, na huashiria ulemavu usioonekana. Asipoivaa pia huwezi kujua. Basi omba hadharani, usimnyooshee mtu kidole.

Usiwasemeshe watu kwenye treni asubuhi, watakuona una tatizo. Lakini dereva wa basi msalimie unapopanda, na wengi humshukuru wakishuka. Simu ya spika usiipige ndani ya basi, hata ukinipigia mimi, sitapokea. Ukiona mtu analia, usijifanye huoni kama wao. Au keti karibu naye tu, unyamaze. Sijui, mdogo wangu. Mimi nimefanya yote mawili na sijawahi kuwa na hakika.

Na usiwasimulie wenzako kwamba dada kasema huku hakuna utu na kwetu ndiko kwenye utu. Nyumbani nimepishwa kiti na watu waliokuwa wamechoka kuliko mimi, na nimetukanwa na konda nikiwa na mzigo kichwani. Unamkumbuka yule mama aliyekuwa akifagia stendi tulipokuwa tunakwenda shule? Miaka sita tulimpita kila alfajiri, tukiruka vichuguu vyake vya taka. Najaribu kuikumbuka sura yake na sipati chochote, naona ufagio tu. Shikamoo yangu sikumpa hata siku moja. Akiwa bado yupo pale, nenda ukamwamkie, umuulize jina, unitumie.

Beji ninayo bado, kwenye droo ya jikoni, pini yake imepinda kidogo. Uliniambia mnatafuta mtoto. Ukija na hali hiyo utaivaa, na ukikosa kiti kwenye treni yangu nitasimama katikati ya behewa nikuombee mwenyewe, kizibao mwilini. Sasa ni saa tatu na robo, natoka.