Loji ya ndani au nje ya hifadhi, Rufiji?

Mkuu, umeuliza kama kwa fungate mlale loji ya kifahari ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere au nje, upande wa kijiji cha Mloka. Kama mfuko unaruhusu, ndani. Wa nje mnasubiri lango la Mtemere lifunguliwe, na jioni mnakimbizana na muda wa kutoka; wa ndani wanyama wanakuja wenyewe. Loji nyingi hazina uzio, kwa hiyo giza likiingia hamtembei hadi chumbani bila askari. Mwambie bibi harusi mapema, maana kiboko akianza kukoroma karibu na hema usingizi unaisha!

Ila usilinganishe bei kwa kutazama picha za bwawa la kuogelea. Uliza kama bei imejumuisha milo, kiingilio, tozo ya kulala hifadhini, gari na boti. Boti ndiyo raha yenyewe ya Mto Rufiji, usikubali iwe nyongeza. Uliza pia bei ya wakazi wa Tanzania, loji nyingi haziisemi mpaka uulize, na mbebe vitambulisho.

Machi hadi Mei achana nako: masika yanaharibu barabara na kambi kadhaa hufungwa. Juni hadi Oktoba ndiyo wakati wake, ingawa bei nayo inapanda. Nguo nyeusi na za bluu iliyokoza acheni Dar, mbung'o wanazipenda mno.

Bajeti yenu ni kiasi gani kwa usiku?