Dada, Usinunue Hisa za Ndege kwa Pesa ya Kodi ya Nyumba

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja, mhudumu wa ndege huko Ghuba. Aliandika hivi: "Kaka hujambo. Huku kazini maneno ni mengi, tunasikia barua za kupunguzwa kazi zitaanza kutoka mwezi ujao. Lakini nimeona hisa za mashirika ya ndege zimeshuka sana, na nina akiba kidogo. Si bora niingie sasa kabla hazijapanda?"

Nilikuwa kwenye foleni ya forodha Embakasi, karatasi za parachichi za mteja zimebanwa kwapani. Nikausoma mara mbili, halafu nikatoka kwenye foleni nikakae kando. Mtu wa nyuma yangu alifurahi sana. Ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi, neno kwa neno, mwezi wa Juni 2020.

Wakati huo nilikuwa na miaka saba angani, katika shirika moja la Falme za Kiarabu ambalo sitalitaja. Nilikuwa nakaa chumba kimoja na kijana wa Tanga, mcheshi kupita kiasi, aliyekuwa akipika wali wa nazi kila Ijumaa hata baada ya safari ya saa kumi na nne. Mwezi Machi, korona ilipoenea, ratiba zetu zikaanza kupauka. Safari sita zikawa tatu, tatu zikawa moja, kisha kalenda yote ikawa nyeupe. Kenya ilifunga anga kwa ndege za abiria za kimataifa tarehe 25 Machi, kwa hiyo hata kurudi nyumbani hakukuwezekana. Tukakaa. Wali wa nazi ukawa wa kila siku, halafu nazi ikaondoka, ukabaki wali.

Mtu asiye na kazi ya kufanya hushika simu. Mimi nilishika simu nikaingia kwenye masoko ya hisa.

Nieleze kidogo hali ilivyokuwa, maana vijana walioingia kazini baada ya hapo huiona kama hadithi. Mwanzoni mwa Mei, Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani, aliwaambia wenye hisa wa kampuni yake kwamba ameuza hisa zote alizokuwa nazo katika mashirika manne makubwa ya Marekani: American, Delta, Southwest na United. Zote, hata moja hakubakisha. Mzee anayejulikana kwa kununua watu wengine wanapokimbia, safari hii alikimbia yeye. Mwezi huohuo Avianca na LATAM, mashirika makubwa ya Amerika Kusini, yakakimbilia ulinzi wa mahakama za ufilisi. Nikayasoma yote hayo, na badala ya kuogopa nikaona mlango. Nilijiambia: mzee amezeeka, hajui sisi tulio ndani tunajua nini. Mimi najua kiti cha ndege kinavyosafishwa, najua watu wanavyopenda kusafiri, hawa watarudi.

Na bei zikaanza kupanda kweli. Mwishoni mwa Mei, mwanzoni mwa Juni, hisa zilezile alizouza Buffett zikawa zinaruka kila siku kama dagaa kwenye wavu. Kwenye kundi letu la simu kila mtu akawa mchambuzi. Jamaa mmoja wa jikoni, ambaye mwezi mmoja nyuma alikuwa hajui hisa ni nini, alikuwa anatutumia michoro yenye mishale ya kijani. Jumatatu ya tarehe 8 Juni nikashindwa kuvumilia. Nikaweka dirhamu 9,000, akiba yangu yote isipokuwa pesa ya chakula, kwenye kampuni mbili za Marekani. Nilifanya hivyo nikiwa nimelala kitandani, kidole gumba kimoja, saa tatu usiku.

Alhamisi ya tarehe 11, soko la hisa la New York likaanguka. Kipimo cha Dow Jones, kinachofuatilia bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, kilishuka zaidi ya pointi 1,800 kwa siku moja, na hisa za ndege zilikuwa mstari wa mbele kuelekea chini. Nikasema ni upepo tu, utapita.

Wiki chache baadaye ikaja barua.

Kwetu barua haikuja kama barua. Ulikuja ujumbe wa kuitwa kwenye ukumbi, saa na tarehe, mje na barakoa, msikae karibu. Viti vilikuwa vimepangwa mbalimbali kama vya mtihani wa darasa la nane. Mama mmoja alisoma karatasi kwa dakika nne hivi, akasema tunawashukuru kwa mchango wenu, akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakuna aliyepiga kelele. Kijana wa Tanga alinigeukia akaninong'oneza, "Hata chai?"

Kilichoniuma hasa ni siku ya kurudisha sare. Unapanga mstari na sanduku lako, unafungua mezani, binti mwenye glavu anahesabu kimoja kimoja: makoti mawili, mashati sita, tai, beji ya jina, aproni. Aproni yangu moja ilikuwa na doa la mchuzi wa nyanya la safari ya Manchester. Akalitazama doa, akanitazama mimi, akaandika kitu. Miaka saba, na kilichobaki kwenye karatasi ni doa la nyanya. Mpaka leo sijui kama nilikatwa pesa kwa lile doa, na mpaka leo nikilikumbuka napandisha hasira. Nimesamehe mengi, hilo bado.

Sasa sikilizeni kuhusu kiinua mgongo, maana hapa ndipo wengi tulipojidanganya. Sheria ya Falme za Kiarabu wakati ule ilikuwa inakupa mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaozidi hapo. Miaka yangu saba ikatoa siku 165. Mimi kichwani nilikuwa nimezidisha kwa pesa niliyozoea kuipokea, kama elfu kumi kwa mwezi, nikapata dirhamu 55,000. Nilishaigawa kabisa: kiwanja Mtwapa, pikipiki ya kaka, mengine benki. Kumbe hesabu inafanywa kwa mshahara wa msingi peke yake. Posho ya saa za kuruka haimo, pesa ya kulala nje haimo, nyumba haimo. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa 4,000. Nikapewa 22,000. Na benki niliyokopa kumwezekea mama nyumba ilikuwa inanidai 14,000, ikachukua chake kabla sijaiona pesa. Nikabaki na elfu nane, visa inayofungwa pamoja na kazi, na zile hisa.

Jambo lililonifungua macho nililisoma nikiwa bado kwenye kile chumba, nasubiri anga ya Kenya ifunguliwe. Nilianza kuangalia habari za upunguzaji wa watu kwa macho ya mtu aliyepunguzwa, kisha kwa macho ya mwenye hisa, maana nilikuwa wote wawili. British Airways walikuwa wametangaza mwezi Aprili kwamba wanaweza kupunguza watu hadi 12,000. Lufthansa walisema wana nafasi 22,000 za kazi zilizozidi mahitaji, huku serikali ya Ujerumani ikiwapa mpango wa uokozi wa euro bilioni 9. Marekani serikali ilitoa mabilioni ya kulipa mishahara kwa sharti kwamba mtu asiachishwe mpaka tarehe 30 Septemba, na baadaye, tarehe 1 Oktoba, yaani kesho yake, mimi nikiwa nimesharudi nyumbani, American na United wakawapeleka nyumbani zaidi ya watu 32,000 kwa pamoja.

Ukisoma wachambuzi wa masoko walivyoziandika habari hizo, hakuna kilio. Wanaandika gharama zimeshuka, kampuni inachoma pesa chache kwa siku kuliko awali, ina miezi mingapi ya kupumua. Ni lugha baridi lakini si ya uongo. Mwekezaji anataka kujua kama kampuni itafika mwakani. Wewe uliye kwenye kiti cha mtihani ni moja ya njia za kuifikisha. Nilikaa nikatafakari kwamba mimi, kama mwenye hisa, nilikuwa naombea kampuni zile zipunguze wafanyakazi haraka. Kijana wa Mvita, mwenye mama anayenisubiri, naombea mhudumu mwenzangu wa Chicago apewe barua ili simu yangu iwe kijani. Nilijionea aibu peke yangu gizani.

Basi. Julai niliziuza. Nilipata elfu tano na ushei katika zile elfu tisa. Sikuuza kwa sababu nilikuwa nimebadili mawazo kuhusu ndege. Niliuza kwa sababu nilihitaji tiketi, pesa ya kipimo cha korona, na kitu cha kushika mkononi nikifika. Agosti Kenya ikafungua, nikarudi kama abiria, safu ya nyuma karibu na choo. Dada aliyenihudumia alinitambua kwa namna nilivyofunga meza. Akaniletea chakula mara mbili, hakusema neno.

Nilipofika nyumbani mama hakuuliza kitu kuhusu kazi. Alitazama tu uani, akasema, "Mbona mabegi yote, mwanangu?"

Na hapa kuna maumivu mengine, bora niyaseme nisije nikaonekana nafundisha kwa ujanja. Mimi sikukosea kuhusu ndege. Ilipofika Machi 2021 hisa za zile kampuni zilikuwa zimepita bei niliyonunulia. Ningekaa miezi tisa ningepata faida. Buffett, mzee niliyesema amezeeka, ndiye aliyeonekana kuuza mapema. Serikali ya Ujerumani nayo ilikaa na hisa za Lufthansa mpaka 2022, ikaziuza kwa faida ya mamia ya mamilioni ya euro. Lakini serikali haidaiwi kodi ya nyumba. Serikali haina mama anayehesabu mabegi. Mimi nilikuwa na wazo sahihi na pesa isiyo na subira, na pesa isiyo na subira hula wazo lolote.

Tena hapo ni pale ambapo unaweza kuuza. Hapa kwetu, Kenya Airways ilisimamishwa kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwezi Julai 2020, wakati serikali ikipanga kuitaifisha, na ikarudi sokoni Januari 2025. Miaka minne na nusu. Aliyekuwa na hisa zake alikuwa nazo kama picha ukutani, anaweza kuziangalia, hawezi kuzigeuza karo.

Kwa hiyo ninaposema neno, mnisikilize, maana nimelilipia. Mfanyakazi wa ndege tayari amewekeza kwenye ndege. Mshahara wako, visa yako, chumba unacholala, marafiki zako wote, hata ujuzi wako wa kufunga mlango wa dharura, vyote viko ndani ya biashara moja. Ikianguka vinaanguka siku moja. Ukichukua na akiba ukaitia humohumo, hujapata nafasi, umeongeza mzigo kwenye ndege inayoshuka. Mwaka 2020 safari za abiria duniani zilipungua kwa takriban thuluthi mbili ukilinganisha na 2019. Hakuna bidii yako wala tabasamu lako ambalo lingeziba pengo hilo. Vijana wetu tunapenda sana kuamini kwamba kuwa ndani ya nyumba kunatupa siri za nyumba. Hakutupi. Unajua harufu ya jiko, hujui deni la mwenye nyumba.

Mimi mwenyewe niliokolewa na mizigo, na hili nalisema kwa majivuno kidogo mnivumilie. Ndege za abiria zilipolala, matumbo yake yanayobeba maua na samaki yalilala pia, na bei ya kusafirisha kilo ikapanda. Maua ya Naivasha hayajui korona, yanachanua tu. Binamu yangu alikuwa wakala wa forodha, nikaanza kwa kumbebea mafaili, mwaka wa kwanza nikilipwa nauli na chakula. Miaka iliyofuata sitaisimulia, ni mafaili tu. Leo nina ofisi yangu Embakasi, ndogo, feni moja, lakini watu wanne wanakula kutoka humo. Yule jamaa wa michoro ya kijani aliniandikia mwaka jana kuomba kazi. Nilimjibu vizuri. Vizuri kiasi.

Nimemwandikia yule dada. Nimemwambia aiache simu ya hisa kwa sasa, atoe pesa ya miezi sita ya kuishi aiweke mahali anapoweza kuishika, alipe deni la benki kabla barua haijaja na si baada, na ampigie mtu mmoja nyumbani amwambie ukweli, maana mimi nilimficha mama miezi mitatu na hilo ndilo lililonikondesha kuliko wali mtupu. Nikamwomba pia atafute mkataba wake, anipigie picha ukurasa wenye mshahara wa msingi, nimfanyie ile hesabu ya siku.

Jana usiku picha ikaingia. Jina la kampuni linaonekana, sahihi yake inaonekana, tarehe inaonekana. Pale penye mshahara wa msingi ameweka kidole gumba. Nimemwandikia arudie.